Programu Huria na Suala la Kujitegemea katika Maktaba za Utafiti

UTANGULIZI

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kuuliza swali moja kabla ya maswali mengine: njia kuu za uchumi zimo mikononi mwa nani? Wakati ule swali hilo liliulizwa juu ya ardhi, misitu, madini, mabenki, bima na biashara ya nchi za nje. Katika makala haya tunakusudia kuliuliza juu ya kitu ambacho Azimio halikukitaja, kwa sababu kilikuwa bado hakijawa na uzito katika maisha ya wananchi wetu. Kitu hicho ni programu za kompyuta, na hasa zile zinazoendesha maktaba za utafiti.

Pengine yuko kada atakayeuliza: maktaba ina uhusiano gani na itikadi? Uhusiano upo, tena ni wa karibu. Maktaba ya utafiti ndiyo ghala ambamo taifa huweka yale linayoyajua juu yake lenyewe. Mtafiti aliyepima udongo wa Morogoro, daktari aliyechunguza malaria, mwanafunzi aliyekusanya masimulizi ya wazee wa kijiji chake akayaandikia tasnifu, wote hawa wametumia jasho lao na fedha za wakulima na wafanyakazi wanaolipa kodi. Matunda ya kazi yao hayakai tena kwenye rafu peke yake. Yanakaa ndani ya kompyuta, na hayaonekani ila kwa kupitia programu. Kwa hiyo anayeshika programu ndiye anayeshika ufunguo wa ghala.

Hoja yetu ni hii. Programu huria huipa maktaba haki ya kumiliki nyenzo zake za kazi. Lakini haki hiyo hubaki kuwa maandishi matupu mpaka wawepo watu wenye ujuzi wa kuitumia na umoja wa kuilinda. Makada na wanafunzi wanaodhani kwamba kujitegemea kumekwisha kupatikana pale tu maktaba inapoacha kulipia leseni wanajidanganya. Tutaieleza hoja hii kwa kutazama historia yenyewe ilivyokwenda.

PROGRAMU NI NYENZO YA NAMNA GANI?

Zamani katalogi ya maktaba ilikuwa makasha yenye droo, na ndani ya droo mlikuwa na kadi. Droo ilipovunjika aliitwa fundi seremala. Mkutubi alipotaka kuongeza aina mpya ya maelezo aliandika kadi nyingine. Nyenzo ile ilikuwa duni, lakini kila mtu katika maktaba aliielewa na hakuna aliyeweza kuwazuia wafanyakazi kuirekebisha.

Programu ni nyenzo yenye nguvu kubwa zaidi. Inaorodhesha vitabu, inaandika nani ameazima nini, inatafuta neno moja katika rekodi laki tano kwa nukta chache. Lakini ina sura mbili. Sura ya kwanza ni msimbo, yaani maandishi ambayo mtunga programu aliyaandika kwa lugha inayosomeka na binadamu aliyefundishwa. Sura ya pili ni ile iliyokwisha tafsiriwa iwe ishara za mashine, ambayo binadamu hawezi kuisoma akaielewa. Makampuni yanayouza programu zilizofungwa humpa mnunuzi sura ya pili tu, na msimbo huufungia kwao. Juu ya hayo humwekea mnunuzi leseni inayomkataza kuichunguza programu, kuibadili au kumgawia jirani yake.

Ni sawa na kijiji kilichouziwa mashine ya kusaga iliyotiwa kufuli, na ufunguo ukabaki ng'ambo ya bahari. Mashine inasaga, hilo hatulikatai. Lakini siku nati ikilegea, kijiji kizima kinamsubiri muuzaji. Akipandisha bei, hulipa. Akiamua kwamba mashine ya aina ile haitengenezwi tena, kijiji hutafuta fedha za kununua nyingine. Huo ndio utegemezi, hata kama mashine yenyewe ni nzuri na muuzaji ni mtu mpole.

KAZI YA UMMA ILIVYOGEUZWA BIDHAA

Watu wengine hudhani kwamba programu za maktaba zilibuniwa na makampuni, na kwamba maktaba zilikuwa wateja tangu mwanzo. Historia inasema vingine. Mwaka 1980 Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem kilianza kujitengenezea programu ya maktaba zake, ikaitwa Aleph. Ilikuwa kazi ya chuo cha umma kwa mahitaji ya chuo. Baadaye programu hiyo ikaingizwa katika biashara, ikawa bidhaa kuu ya kampuni ya Ex Libris. Kuanzia mwaka 2006 kampuni hiyo ilipita mikononi mwa mashirika ya mitaji, moja likimwuzia jingine. Mwaka 2015 ilinunuliwa na ProQuest. Mwaka 2020 kampuni nyingine kubwa ya programu za maktaba, Innovative Interfaces, ikaingizwa humo humo. Na mwaka 2021 Clarivate ikainunua ProQuest yenyewe kwa bei ya dola za Marekani bilioni 5.3.

Tuzingatie jambo moja. Katika mauzo hayo yote hakuna maktaba hata moja iliyopigiwa kura. Wakutubi waliamka asubuhi wakakuta mwenye nyenzo yao ya kazi amebadilika. Tena mabwana hao wapya walikuwa ndio wauzaji wa majarida na hifadhidata ambazo maktaba hizo hizo hununua kila mwaka. Muuzaji wa nafaka akawa sasa anamiliki na mizani.

Kuna mfano wa upande wa pili, nao ni muhimu vile vile. Katika miaka ya 1960, Maktaba ya Bunge la Marekani, kwa uongozi wa Henriette Avram, ilibuni mpangilio wa kuandika rekodi za vitabu ili kompyuta ziweze kuzisoma. Mpangilio huo unaitwa MARC. Haukufanywa siri ya kampuni yoyote. Maelezo yake yalitangazwa, na maktaba za dunia nzima zikautumia. Kwa sababu hiyo maktaba inayohama kutoka programu moja kwenda nyingine inaweza hata leo kubeba rekodi zake. Kazi iliyoachwa wazi imedumu zaidi ya nusu karne, na imezipa maktaba nguvu ya kumwambia muuzaji: sisi tunaondoka.

BURE SI HURIA

Hapa hapana budi tusahihishe kosa moja linalorudiwa mara nyingi hata na wasomi. Kosa hilo ni kuchanganya kitu kinachotolewa bure na kitu kilicho huria.

Kuanzia mwaka 1985 shirika la UNESCO lilizigawia maktaba na vituo vya utafiti vya nchi zinazoendelea programu iliyoitwa CDS/ISIS, iliyoweza kufanya kazi katika kompyuta ndogo. Ilisaidia sana. Maktaba nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ziliingia katika enzi ya kompyuta kwa mlango huo, na hatuna haki ya kuubeza. Lakini programu ile ilikuwa ya bure bila ya kuwa huria. Maktaba ilipewa matumizi, haikupewa msimbo. Mkutubi alijifunza kuiendesha, hakuweza kuifungua aone inavyofanya kazi wala kuikuza kwa mahitaji ya nchi yake. Ni baadaye tu ndipo warithi wake, kama vile programu ya ABCD iliyotengenezwa kwa kuongozwa na kituo cha BIREME cha Brazili, walipotoka na msimbo ulio wazi.

Uhuru tunaouzungumzia una maana maalumu. Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza mradi wa GNU, na kutokana na mradi huo zikafafanuliwa haki nne za mtumiaji wa programu:

(a) haki ya kuitumia programu kwa kusudi lolote;

(b) haki ya kuusoma msimbo wake na kuubadili;

(c) haki ya kuwagawia wengine nakala;

(d) haki ya kuwagawia wengine nakala uliyoiboresha wewe mwenyewe.

Mwaka 1989 haki hizi zilitiwa katika leseni inayoitwa Leseni ya Umma ya GNU. Leseni hiyo ina shabaha ya pekee. Inatumia sheria ya hakimiliki, ambayo kwa kawaida humlinda mwenye mali dhidi ya umma, kuulinda umma dhidi ya yule atakayetaka kuifanya mali ya wote kuwa yake binafsi. Yeyote anayegawa programu ya namna hiyo, au ile iliyojengwa juu yake, analazimika kuigawa pamoja na msimbo na kwa masharti yale yale. Anaruhusiwa kutoza fedha kwa kazi yake. Haruhusiwi kufunga mlango alioukuta wazi.

KOHA: ZAWADI YENYE WAJIBU

Mfano ulio bora kuliko yote katika uwanja wa maktaba haukutoka katika chuo kikuu chenye mali. Ulitoka katika maktaba za wilaya ya mashambani ya Horowhenua, nchini New Zealand. Mwaka 1999 maktaba hizo zilikuwa na programu iliyozeeka, ambayo haikutazamiwa kuvuka salama kuingia mwaka 2000. Kununua nyingine kutoka kwa makampuni makubwa kulikuwa mzigo. Ndipo maktaba zilipoafikiana na kampuni ndogo ya Wellington iitwayo Katipo Communications, wakutubi na watunga programu wakakaa pamoja, wakatengeneza programu mpya. Ilianza kazi Januari 2000.

Wangeweza kuishia hapo. Lakini waliona tatizo ambalo kila nchi maskini inapaswa kuliona: maktaba ndogo haiwezi peke yake kuitunza programu miaka yote, na kampuni ndogo inaweza kufa kesho. Kwa hiyo mwaka huo huo waliitoa programu kwa ulimwengu chini ya Leseni ya Umma ya GNU, ili wengine waitumie na kusaidia kuijenga. Waliiita Koha. Neno hilo ni la lugha ya Wamaori, na maana yake ni zawadi, lakini zawadi ya desturi, ile ambayo anayeipokea anajua kwamba naye ana wajibu wa kutoa.

Wajibu huo ulitimizwa. Mfaransa Paul Poulain alijiunga mapema, akafanya kazi ili programu iweze kuzungumza lugha nyingi na kuzipokea rekodi za MARC. Maktaba za wilaya ya Athens katika jimbo la Ohio, Marekani, zililipia sehemu ya kazi hiyo ya MARC. Maktaba nyingine za Marekani zililipia chombo cha kutafutia kilichoiwezesha Koha kubeba mamilioni ya rekodi. Hatua hizi ndizo zilizoigeuza programu ya maktaba za mashambani kuwa nyenzo inayofaa maktaba ya utafiti. Hakuna aliyelipa gharama yote. Kila mmoja alilipia kipande alichokihitaji, na kila mmoja akapata vipande vyote. Leo Koha inaendesha maktaba katika mabara yote yenye watu, zikiwamo za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki.

Mwanafunzi wa itikadi ya ujamaa hatakosa kuitambua hali hii. Ni kazi ya pamoja juu ya mali ya pamoja, ambayo mtu mmoja akiitumia haipungui kwa mwenzake.

JINA LILIPOGOMBANIWA

Lakini mali ya pamoja huwa na maadui, na historia ya Koha inatuonyesha wanavyokuja. Mwaka 2005 ilianzishwa huko Ohio kampuni ya LibLime kwa ajili ya kuuza huduma za Koha. Hilo halikuwa kosa, kwa sababu leseni inaruhusu, na kampuni hiyo iliongeza mambo mengi yenye faida. Mwaka 2007 ikanunua idara ya Koha ya ile kampuni ya Katipo. Ikawa inashika anwani ya mtandao ya mradi na sehemu kubwa ya shughuli zake. Mwaka 2009 ikatangaza kwamba itakuwa na Koha yake kwa ajili ya wateja wake, mbali na ile inayojengwa na jumuiya kwa uwazi.

Jumuiya ya Koha haikukaa ikilalamika. Mwaka 2010 ilihamia katika anwani mpya, ikachukua msimbo wote na kuendelea na kazi chini ya kamati iliyochaguliwa. Mwaka huo huo LibLime ikanunuliwa na kampuni nyingine ya Marekani, PTFS. Mwaka 2011 ikajulikana kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikiomba kuandikishiwa neno Koha kama alama yake ya biashara huko huko New Zealand, nchi ya Wamaori wenye neno lao. Maktaba za Horowhenua zikaomba msaada wa watu ili kulipinga ombi hilo, na kutoka nchi nyingi msaada ukaja. Mwaka 2013 mamlaka ya alama za biashara ya New Zealand ikakataa kuliandikisha.

Kuna mafunzo mawili ya kuyashika katika mkasa huu. Kwanza, leseni ililinda msimbo. Hakuna fedha yoyote iliyoweza kuwanyang'anya watu maandishi waliyokwisha kupewa. Pili, leseni haikulinda kila kitu. Jina, anwani ya mtandao na uongozi wa mradi vilikuwa nje ya ulinzi wake, na vilikombolewa na watu waliojipanga. Sheria nzuri bila ya umoja wa wahusika ni ngao isiyo na mkono wa kuishika.

Tuongeze jambo la tatu ambalo makada wetu wanapaswa kulielewa vizuri. Leseni ya Umma ya GNU humlazimisha yule anayegawa nakala za programu. Mtu anayeiendesha katika seva zake mwenyewe, akawauzia wengine huduma kwa njia ya mtandao tu, hajagawa nakala, na kwa hiyo halazimiki kutoa mabadiliko aliyoyafanya. Mwaka 2007 ilitolewa leseni nyingine ya familia hiyo, iitwayo Affero, kwa kusudi la kuziba mwanya huu, lakini programu nyingi za maktaba, Koha ikiwa mojawapo, hazikuichukua. Maktaba inayokodi programu huria iliyo katika seva za kampuni ya mbali bila ya mkataba mzuri inaweza kujikuta imerudi pale pale ilipokuwa, huku ikijisifu kwamba iko huru.

HAZINA ZA TASNIFU NA TAFITI

Hadi hapa tumezungumza juu ya katalogi. Kwa maktaba za utafiti kuna nyenzo nyingine yenye uzito mkubwa zaidi, nayo ni hazina ya kidijiti ambamo tasnifu na ripoti za watafiti huwekwa zenyewe, si majina yake tu.

Mwaka 2002 maktaba za chuo cha MIT na kampuni ya Hewlett-Packard zilitoa programu huria ya DSpace kwa kazi hiyo. Huko Afrika Mashariki imeenea sana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Makerere vimeweka tafiti zao katika hazina zilizojengwa kwa DSpace. Tasnifu ambayo zamani ilikuwa na nakala tatu au nne zilizofungiwa katika chumba kimoja, leo mkulima wa Mbeya aliyesoma, au bwana shamba wake, anaweza kuisoma kwenye simu. Na kwa kuwa DSpace inafuata utaratibu ulio wazi wa kubadilishana maelezo, ulioanzishwa mwaka 2001, mashine za maktaba nyingine zinaweza kuyakusanya maelezo ya hazina zote na kuyatafuta kwa pamoja.

Tulinganishe na yaliyotokea mahali pengine. Mwaka 1999 maprofesa wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley waliunda kampuni ya bepress kwa nia ya kuukomboa uchapishaji wa kitaalamu. Mamia ya vyuo vilikodi kwake programu ya hazina iliyofungwa. Agosti 2017 kampuni hiyo ilinunuliwa na Elsevier, mmoja wa wachapishaji wakubwa wa majarida duniani. Vyuo vilivyokuwa vimejenga hazina ili kuupunguza utegemezi kwa wachapishaji vikakuta hazina zao zimo nyumbani mwa mchapishaji. Maktaba za Chuo Kikuu cha Pennsylvania zilitangaza mwaka huo huo kwamba zitatafuta njia ya kuhama.

Hapa ndipo tofauti inapoonekana. MIT na Hewlett-Packard hawana uwezo wa kuiuza DSpace iliyoko Morogoro. Hata wakiiacha kabisa, msimbo utabaki. Lakini je, atakuwapo Morogoro, Dar es Salaam au Kampala mtu wa kuuendeleza? Swali hilo halijibiwi na leseni.

UKINZANI ULIOPO

Mwanamapinduzi wa kweli haogopi kutazama ukinzani uliomo ndani ya jambo analoliunga mkono. Programu huria ina ukinzani wake.

Kwanza, haina bei ya leseni lakini ina gharama. Seva inahitaji umeme usiokatika, nakala rudufu, ulinzi dhidi ya wavamizi wa mtandao, na zaidi ya yote inahitaji mshahara wa mtaalamu. Mkuu wa chuo anayeambiwa kwamba programu ni ya bure hufuta fungu la fedha katika bajeti, na mwaka wa pili maktaba huwa na nyenzo isiyo na mtunzaji.

Pili, ujuzi ukikaa kwa mtu mmoja ni ujuzi wa kukodi. Kila aliyefanya kazi katika maktaba za nchi zetu anaijua hali hii. Mradi unakuja na wafadhili, programu inawekwa, kijana mmoja anafundishwa. Mradi unakwisha, na kijana anapata kazi benki au katika kampuni ya simu. Programu inabaki katika toleo la zamani, hakuna anayethubutu kuigusa, na siku seva inapoharibika inagunduliwa kwamba nakala rudufu haikuwahi kujaribiwa. Maktaba hiyo ina haki zote nne tulizozitaja, lakini haina hata uwezo mmoja.

Tatu, mabepari nao wamejifunza. Mwaka 2016 ulianzishwa mradi wa FOLIO wa kutengeneza programu huria kwa ajili ya maktaba kubwa za utafiti, na mfadhili wake mkubwa alikuwa EBSCO, kampuni inayouza hifadhidata na majarida. Chuo cha Chalmers cha Sweden kilikuwa cha kwanza kuanza kuitumia, mwaka 2019, na mwaka 2022 Maktaba ya Bunge la Marekani iliichagua. Msimbo wake uko wazi kwa leseni isiyomlazimisha mtu kurudisha mabadiliko. Je, tuseme hii ni hila tu? La hasha. Vyuo vingi vimeweka watunga programu wao katika mradi huo, na msimbo ni wa wote. Lakini palipo na mfadhili mkubwa mmoja, mwelekeo wa kazi huvutwa upande wake. Maktaba zinazotaka kusikilizwa humo lazima zilete mikono ya kufanya kazi, kwa sababu katika miradi ya namna hii anayeandika msimbo ndiye anayeamua.

KAZI ZILIZO MBELE YETU

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maktaba zetu zimekula chakula cha programu huria kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Siku ya tatu imefika zamani. Tunaona kazi zifuatazo kuwa za lazima.

1. Elimu. Mkutubi wa leo afundishwe kuusoma msimbo kama vile mkutubi wa zamani alivyofundishwa kupanga kadi. Chuo cha ukutubi cha Bagamoyo na idara za vyuo vikuu zinazofundisha taaluma hii ziifanye kazi ya kurekebisha Koha na DSpace kuwa somo la vitendo. Si lazima kila mkutubi awe mtunga programu. Lakini asiwepo mkutubi anayeiogopa nyenzo yake.

2. Ushirika. Maktaba za vyuo na utafiti za Tanzania zina umoja wao, COTUL. Za Kenya zina KLISC. Za Uganda zina CUUL. Umoja huu umekwisha kuonyesha faida yake katika kugharimia majarida ya kielektroniki kwa pamoja. Hatua inayofuata ni kuajiri kwa pamoja kikosi cha mafundi wa programu, ili chuo kidogo kisichoweza kulipa mshahara wa mtaalamu mmoja kipate huduma ya watano. Fundi mmoja akihama, kazi isife.

3. Mikataba. Mahali ambapo hatuna budi kutumia kampuni, iwe ya ndani au ya nje, mkataba useme wazi kwamba rekodi zote ni mali ya maktaba, kwamba zitatolewa zote katika mpangilio wa MARC au mpangilio mwingine ulio wazi wakati wowote zikiombwa, na kwamba mabadiliko yanayolipiwa na maktaba yatarudishwa kwa jumuiya.

4. Kutoa. Kila hitilafu iliyogunduliwa iripotiwe kwa watunzaji wa programu, na kila rekebisho lipelekwe kwao. Kiswahili nacho kiwe mchango wetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki katika kuitafsiri programu ya ofisi, ikatoka kwa jina la Jambo OpenOffice, wakathibitisha kwamba istilahi za kompyuta zinawezekana katika lugha yetu. Lakini tafsiri ni kama shamba, halilimwi mara moja. Programu hubadilika kila msimu, na tafsiri isiyopaliliwa humezwa na magugu ya Kiingereza.

5. Kujaribu. Angalau mara moja kwa mwaka kila maktaba ichukue nakala rudufu yake na kuifufua katika mashine nyingine mbele ya mashahidi. Nakala ambayo haijawahi kufufuliwa ni matumaini, si hifadhi.

Kazi hizi hazihitaji mabilioni, ila mpango, nidhamu na viongozi wanaoelewa kwamba mshahara wa fundi wa maktaba ni gharama ya kulinda mali ya taifa.

HITIMISHO

Tumeona kwamba programu iliyozaliwa chuoni Jerusalem iligeuzwa bidhaa kwa sababu hakikuwapo kifungo cha kuizuia. Tumeona kwamba programu ya maktaba za mashambani za New Zealand ilibaki kuwa ya wote kwa sababu ya mambo mawili yaliyokwenda pamoja: leseni iliyofunga njia ya kuiteka, na watu waliokuwa tayari kuipigania. Maktaba zetu zimekwisha kulipata jambo la kwanza bila ya kutoa jasho, maana tulilikuta limeandaliwa na wengine. La pili hatuwezi kupewa na mtu.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na nduguye huyo anaweza kuwa mkarimu kabisa. Msimbo uko wazi na tasnifu zetu zimo ndani yake. Ndugu wanafunzi, hasa ninyi mnaosomea kompyuta na ukutubi, ufungueni msimbo huo muusome. Ndugu makada mlio katika mabaraza ya vyuo, bajeti ya maktaba inapofika mezani ulizeni ni nani anayeitunza programu, analipwa nini, na nani atashika kazi yake akiondoka.